Waya wa Mkalapi: Maisha ya Basil Filemoni Nampesya (1961–2025)

Ndugu waombolezaji,

Marehemu Basil Filemoni Nampesya aliacha karatasi moja ndani ya daftari lake la mwisho. Ina mistari minne. Wa kwanza unasema azikwe Chiwata, karibu na wazazi wake. Wa pili unasema ibada isiwe ndefu, kwa sababu watu watakuwa wamesimama juani. Wa tatu unasema habari ya Mkalapi isomwe yote, isipunguzwe. Wa nne una neno moja: "Msinipambe." Familia imejaribu kumtii.

Marehemu alizaliwa hapa Chiwata, wilaya ya Masasi, alfajiri ya Jumatano tarehe 12 Aprili 1961. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Filemoni Nampesya, seremala, na mama Ethel. Wawili kati ya hao watano walifariki wakiwa wadogo. Alibatizwa Jumapili tarehe 4 Juni mwaka huohuo. Alipokuwa na miaka kumi, baba yake alinunua redio ya betri ambayo ilikoroma zaidi kuliko ilivyosema. Basil alitafuta waya, akaufunga kati ya mikorosho miwili, akawa anaupandisha na kuushusha kila siku na kusikiliza. Waya ukilala chini, redio ilinong'ona. Ukifika kifuani, ilisema. Matokeo yake aliyaandika kwa mkaa kwenye mlango wa chumba cha baba yake. Mzee Filemoni alikuja juu, maana mlango ule alikuwa ameupiga randa siku mbili. Lakini aliposimama akasoma zile namba, alikwenda kumtafutia mwanawe nguzo ndefu zaidi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975, hapahapa Chiwata. Mwaka 1976 alichaguliwa kuingia Chidya, akasoma mpaka kidato cha nne, 1979. Wenzake walimwita Karani, kwa kuwa kila walipobishana kuhusu jambo lililopita, yeye ndiye aliyekuwa ameliandika pamoja na tarehe. Baada ya mwaka mmoja wa jeshi la kujenga taifa, alisomea ufundi umeme Dar es Salaam kuanzia 1981 hadi 1984.

Septemba 1984 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara ya umeme katika chuo kimoja Dar es Salaam, na hapo alikaa miaka thelathini na moja na miezi saba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta vumbi na kuandika orodha ya vifaa. Kazi iliyomshika maisha yake yote aliikuta kwa mhadhiri mmoja aliyehitaji mtu mvumilivu wa kumfanyia hesabu. Ilikuwa hesabu ya kutafuta ni mkondo gani wa umeme unaopita katika waya uliotandazwa karibu na ardhi, kwa mfano radi inapopiga jirani. Marehemu aliwaeleza watoto wake hivi: waya mrefu unaukata, kwa hesabu tu, kuwa vipande vifupi. Kila kipande kina mkondo wake. Kila kipande kinausikia mkondo wa mwenzake, wa jirani na wa mbali, na vyote pamoja vinaisikia ardhi iliyo chini yao. Basi kila kipande unakiandikia mlinganyo, na milinganyo yote lazima itatuliwe kwa pamoja, kwa kuwa hakuna kipande kinachokubali kujibu peke yake. Mwaka 1985 alitatua waya wa vipande kumi na viwili kwa kalamu na kikokotoo kidogo. Ilimchukua siku tisa, akagundua kwamba siku ya tatu alikosea alama ya kutoa, akarudia. Baadaye zilikuja kompyuta na vipande vikawa mamia. Lakini hakuacha kuwaambia wanafunzi kwamba waya ulio juu angani peke yake ni kazi ya mchana mmoja. Uteremshe karibu na ardhi, ndipo utakapoanza kuchoka. Ardhi, alisema, haifanani popote, na kompyuta itaamini namba yoyote ya ardhi utakayoipa.

Tarehe 19 Novemba 1988 alifunga ndoa takatifu na Selestina Malenga wa Chidya, mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa wamefahamiana likizo ya mwaka uliotangulia. Inakumbukwa kwamba siku moja walitembea pamoja barabarani kwa muda mrefu bila Basil kusema neno, mpaka Selestina akamwuliza anawaza nini. Akajibu kwamba anahesabu nguzo za simu. Selestina akamwambia, "Basi kaoe nguzo." Marehemu alisema ni hapo alipoamua, ila ilimchukua nguzo nyingine arobaini na moja kupata la kujibu. Walibarikiwa watoto watatu: Oscar, Yasinta na Happiness.

Alistaafu tarehe 12 Aprili 2016, akarudi Chiwata. Alirudi na masanduku mawili ya madaftari, kompyuta mpakato moja kuukuu, na kipimo cha ardhi: kisanduku chenye nyaya nne na vyuma vinne vya kuchomeka. Mama Oscar alitaraji sasa watalima korosho na kupumzika. Walilima msimu mmoja.

Habari ya Mkalapi ni hii.

Mkalapi ni kijiji cha uwandani, upande wa Newala, na kama ilivyo kwa jirani zake wote huko juu, maji yake yako chini bondeni. Kijiji kilikuwa na pampu bondeni na tangi juu. Tangi lilipojaa, hakuna aliyekuwa chini aliyejua, na maji yalimwagika. Kamati ya maji iliamua kuvuta waya wa kupeleka taarifa, mita 1,740, kutoka tangini hadi kwenye swichi ya pampu. Nguzo ndefu hazikupatikana, wakaamua waya upite juu ya nguzo fupi, kimo cha mtu na mkono wake. Katibu wa kamati, Bwana Fakihi, aliposikia kuna mstaafu Chiwata anayejua mambo hayo, alimfuata Oktoba 2017 na swali moja: msimu wa radi, waya huo utamdhuru mtu?

Marehemu alifika Mkalapi Jumatatu tarehe 16 Oktoba. Ili kujibu swali lile alihitaji kujua kwanza ardhi ya juu inaupinga umeme kwa kiasi gani. Alichomeka vyuma vyake karibu na tangi. Ardhi ya Oktoba ilikuwa kama saruji. Alipiga nyundo mpaka akakaa chini, vyuma vikiwa vimeingia nusu tu, akaviacha palepale. Alipumzika siku nzima ya Jumanne, kifua kikimbana. Jumatano vyuma viliingia kwa urahisi, akashukuru, akidhani amefikia mchanga laini chini. Vilikuwa vimepangwa kwa nafasi ya mita moja moja; akasoma kipimo: 160. Ni namba nzuri. Ardhi ya namba hiyo inaumeza umeme wa radi bila shida. Kanuni ya kazi inataka mtu arudie kwa mita mbili, kisha nne, kisha nane, ili kipimo kione chini zaidi, na arudie tena mahali pengine. Chini ya ile 160 aliandika: "Mita 2, 4, 8: kesho." Alhamisi asubuhi aliamka mwili wote unauma, gari la kwenda Masasi likiwa linapiga honi. Akapanda.

Akiwa hapa Chiwata aliugawa ule waya kwa hesabu vipande 174 vya mita kumi kumi, akaipa kompyuta ardhi ya 160, akauliza radi ikipiga mita mia kutoka kwenye waya, nini kitafika kwenye swichi. Jibu lilikuwa dogo. Aliwaandikia kamati kwamba ethi moja kila mwisho, yaani chuma kimoja cha kuupeleka umeme ardhini, na kikinga-radi kidogo, vinatosha. Waya ukavutwa Novemba.

Jumanne tarehe 23 Januari 2018, saa tisa na dakika arobaini alasiri, radi ilipiga mkorosho uliokuwa mita tisini kutoka kwenye waya. Waya wenyewe haukuguswa. Chini bondeni, zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye ule mkorosho, mlinzi wa pampu, Bwana Fikirini, alikuwa ameshika swichi. Alirushwa ukutani. Alipona, lakini mkono wake wa kulia uliungua, na vidole viwili havikukunjuka tena hadi leo.

Siku ya pili Bwana Fakihi alimpigia marehemu simu. Hakupiga kulaumu. Alisema, na marehemu aliyaandika maneno hayo kama alivyoyasikia: "Usijisumbue, fundi. Kosa si lako. Tumeshampata mwenyewe."

Mwenyewe waliyempata alikuwa Bi Zena, mama wa Yassini, mjane wa miaka sitini na mitano, ambaye nyumba yake inatazamana na tangi. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nzito. Radi imepiga mti huku, imemuunguza mtu kule, na katikati haikugusa kitu. Radi ya namna hiyo ni ya kutumwa. Na mwezi wa kumi, wanawake wawili waliokuwa wakitoka bondeni na ndoo zao walimwona Bi Zena, jua likizama, akimwaga maji kuzunguka vyuma vya fundi huku midomo yake ikicheza. Kikao cha kijiji kilipangwa Ijumaa tarehe 2 Februari, baada ya swala. Kaka yake Fikirini, Bwana Dadi, alikuwa ameshasema atakachokiomba: Bi Zena aondoke Mkalapi, na nyumba ivunjwe.

Marehemu alikata simu, akakaa. Mama Oscar alimwuliza kuna nini. Akasema anakwenda Newala. Mama Oscar akamwambia, "Baba Oscar, umestaafu na bado hujarudi nyumbani." Kisha akamfungia nguo zake.

Alimkuta Bi Zena amekaa kizingitini, hana mtu. Alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Marehemu akakaa chini mbele yake, akamwuliza kama ni kweli alimwaga maji.

"Nilimwaga," alisema Bi Zena. "Nilikuona unapiga nyundo mpaka unakaa chini, mtu mzima, umeshika kifua. Nikasema ardhi hii itamuua mgeni wa watu. Nikailainisha."

"Mara ngapi, Mama Yassini?"

"Jioni mbili. Jumatatu na Jumanne."

"Maji gani?"

"Ya kufulia na ya vyombo. Maji safi ya kumwaga ningeyatoa wapi mimi?"

"Na midomo? Wanasema ulikuwa unasema maneno."

"Nilikuwa nahesabu ndoo. Nawe huhesabu?"

Marehemu ameandika kwamba hapo alicheka, na kwamba kilikuwa kicheko kibaya. Alikuwa ameelewa. Maji ya sabuni na chumvi, ndoo kadhaa, katika mchanga wa mita tatu. Juu jua lilikausha. Chini pakabaki pamelowa. Kipimo cha mita moja moja kilisoma maji ya Bi Zena, hakikuisoma ardhi ya Mkalapi. Na yeye akaipa kompyuta ardhi ile yenye maji, mita 1,740 nzima, katika uwanda ambao pasipo na pampu watu hutembea nusu siku kutafuta ndoo moja.

Siku mbili zilizofuata alipima upya kama ilivyotakiwa tangu mwanzo: mita moja, mbili, nne, nane, mahali sita. Safari hii alipiga nyundo peke yake, na hakumruhusu mtu kumsaidia. Ingawa mvua zilikuwa zimeanza, namba ya uwanda ilikuwa zaidi ya elfu mbili. Jumatano alikaa kwenye veranda ya ofisi ya kijiji na kompyuta yake, akaitatua hesabu yote tangu kipande cha kwanza. Ardhi isiyomeza umeme huuacha waya ubebe mzigo. Mkondo uliofika kwenye swichi ulitoka zaidi ya mara sita ya ule alioutaja mwanzo. Kikinga-radi alichokiagiza kisingeweza kuuzuia. Aliihesabu mara mbili. Katika daftari, chini ya jibu, ameandika tu: "Ndiyo."

Hapo kazi ya hesabu iliisha, ikabaki kazi iliyomchosha zaidi. Maana alijua, na ameandika, kwamba ukweli huo una ncha mbili. Ungemtoa Bi Zena katika uchawi na kumtia katika lawama nyingine: kama maji yake yaliharibu kipimo, basi ni maji yake yaliyomuunguza Fikirini.

Ijumaa watu walijaa. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Hamudi, alimpa marehemu nafasi kwa heshima ya ugeni. Alieleza polepole. Alisema radi haihitaji kuugusa waya ili waya uihisi. Inatosha ipige karibu. Bwana Dadi alisimama akamwuliza umeme huo ulipita wapi ikiwa hakuna aliyeuona. Marehemu akamwuliza kama ana redio. Akasema anayo. Akamwuliza mtangazaji wa Dar es Salaam hufikaje ndani ya redio hiyo bila kugusa chochote njiani. Bwana Dadi akajibu kwamba mtangazaji hajawahi kumuunguza, na watu wakacheka, hata wazee.

"Yuko mbali, na nguvu yake ni ndogo," marehemu akasema. "Mkorosho ulikuwa mita tisini, na radi si mtangazaji."

Kisha akaeleza habari ya maji. Kicheko kilikatika. Bwana Dadi, ambaye si mjinga, aliikamata ncha ya pili papo hapo. "Kwa hiyo ni yeye," alisema. "Awe mchawi, asiwe mchawi, ni maji yake. Umetusaidia, fundi."

Bi Zena alikuwa amekaa nyuma, upande wa wanawake, amejifunika khanga. Inasemekana hakutikisika.

Marehemu alifungua daftari lake la Oktoba, akampa Bwana Fakihi, akamwomba asome kwa sauti ukurasa wa Jumatano tarehe 18. Bwana Fakihi akasoma: mahali, saa, nafasi ya mita moja, namba 160. Akafika chini akasita. Marehemu akamwambia asome yote. Akasoma: "Mita mbili, nne, nane: kesho."

"Hiyo kesho sikuifanya," marehemu alisema. "Nilichoka nikapanda gari. Ningepima mita nne tu, maji ya mama huyu yasingenidanganya. Ningeona namba zinakataana, ningeuliza. Kumwuliza mwenye nyumba aliyenitazama siku tatu kulinishinda nini? Yeye alimwona mgeni anachoka, akamsaidia. Kujua ardhi imelowa au haijalowa ilikuwa kazi yangu, si yake. Bwana Dadi, aliyemuunguza ndugu yako ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi, na marehemu asingependa hapa isemwe vinginevyo. Bwana Dadi alitoka bila kuaga. Wazee walikaa mpaka alasiri. Mwishowe mzee Hamudi alisema Mama Yassini atabaki nyumbani kwake, na atakayemsumbua atamjibu yeye. Watu walitawanyika wakiwa hawatazamani.

Marehemu alikaa Mkalapi majuma tisa. Alibomoa alichokiagiza akajenga upya: ethi nne juu, nne bondeni, kikinga-radi kikubwa zaidi, na mpini mrefu wa mti mkavu kwenye swichi ili mkono wa mtu usiguse chuma tena. Kila siku mchana alikwenda kula kwa Bi Zena, nje, mbele ya tangi, wakati watu wanapita. Mtu anayeogopwa hakuna anayegusa sahani yake; marehemu alilijua hilo, ndiyo maana hakula ndani. Juma la tano, Bwana Fakihi alikaa naye. Juma la saba, Fikirini, akiwa na bandeji, alisimama njiani akauliza kama kisamvu kimebaki. Bi Zena akamwambia kimebaki lakini hakuna wa kumlisha kwa kijiko. Akakaa akala kwa mkono wa kushoto. Wapo watu wawili watatu ambao mpaka leo humkwepa Bi Zena njiani. Lakini nyumba yake haikuguswa.

Sifa ya marehemu haikurudi. Vijiji vingine vilikuwa vimeanza kumwulizia. Baada ya Mkalapi havikumwita. Hilo alilipokea bila malalamiko. Alichofanya ni kupima ardhi. Kuanzia Mei 2018, kila mwezi mwili uliporuhusu, alibeba vyuma vyake kwa bodaboda hadi mahali kumi na nane kati ya Masasi na Newala, akarudia vipimo vyote vinne, kiangazi na masika, na mara ya kwanza alipofika kila mahali aliuliza kwanza kwa mwenye nyumba iliyo karibu. Madaftari hayo ni kumi na sita. Familia imeyakabidhi kwa kamati ya maji ya Mkalapi, ambayo ndiyo pekee iliyoyaomba.

Ugonjwa wake wa moyo uligunduliwa mwaka 2021. Alitumia dawa kwa saa zake, na saa aliziandika. Kuanzia mwishoni mwa 2024 hakuweza tena kuinua nyundo; mdogo wake Cecil alipiga, yeye akasoma kipimo akiwa kwenye kiti. Mwezi Mei mwaka huu alikiacha kisanduku. Alisema amechoka, na kwa kuwa hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya watoto, walielewa. Alilazwa hospitali ya Mkomaindo tarehe 28 Agosti. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa yote waliyofanya.

Jumamosi tarehe 6 Septemba, Fikirini na Bi Zena walikuja kutoka Mkalapi kumwona. Fikirini alisimama mlangoni pa wodi akasema, "Aibu hii, fundi. Mimi mwenye vidole vinane nimetoka Newala, wewe wa kumi umelala." Marehemu alitabasamu. Bi Zena aliketi pembeni ya kitanda, akamwuliza jambo ambalo, alisema, amekaa nalo miaka saba. Kwa nini siku ile alijitwika mzigo mbele ya watu wote, wakati kijiji chenyewe kilikuwa kimeshamwambia hana kosa?

Marehemu alipumua kwanza. Maneno yalimtoka kidogo kidogo, na Mama Oscar, aliyekuwa amemshika mkono, ndiye aliyeyasikia pamoja na Bi Zena.

"Sikujitwika, Mama Yassini. Ulikuwa wangu. Wewe ndiye uliyekuwa umeubeba."

Hakusema mengi baada ya hapo. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi minne na siku ishirini na nane.

Marehemu ameacha mjane, Selestina; watoto watatu, Oscar, Yasinta na Happiness; wajukuu wanne; dada yake Isabela na mdogo wake Cecil; pamoja na jamaa wa Chiwata na Chidya, na wenyeji wake wa Mkalapi, ambao leo wako hapa. Bi Zena, mama wa Yassini, yupo kati yao. Ameomba isemwe kwamba ametoka nyumbani kwake asubuhi hii, na kwamba jioni atarudi nyumbani kwake.

Basil, kazi imekwisha. Bwana akupe pumziko, na amani yake ikulinde.